Kitu Kisichotaka Kuhama

Arua, Jumatatu 7 Septemba 1998

Mvua imeanza asubuhi na haina nia ya kuacha. Nimenunua daftari hili sokoni, na nitaliandika kwa Kiswahili kwa sababu ofisini hakuna atakayejisumbua kulisoma. Huku wanasema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Baba yangu alikuwa askari, nami Mariam Poni nimekulia kambini, kisha ukimbizini Zaire, kwa hiyo lugha ni yangu. Wezi wajitetee wenyewe.

Leo Mzee Obeti, mkuu wetu, ametuletea fundi wa kompyuta. Anaitwa Étienne, mwalimu wa ufundi kutoka Bunia, mvi zimemjaa kidevuni. Alivuka mpaka mwezi uliopita na mkewe Sidonie, vita vilipoanza tena kwao. Amekuja na mkoba mmoja, na ndani ya mkoba mna CD amezifunga kwa kitenge utadhani mayai. Anasema humo mna Linux.

"Iko kitu ya nini?" nilimuuliza.

"Ni mufumo ya kompyuta, yaya. Hii DOS yenu iko muzee. Na Linux barua itapita kwa redio, na kila mutu atakuwa na mulango yake na ufunguo yake."

Yaya, kwao, ni dada mkubwa. Amenizidi miaka kumi huyu, lakini haya.

Alhamisi 10 Septemba

Kazi yetu ni kutafuta jamaa waliopotezana katika kukimbia, tangu mwaka wa sabini na tisa mpaka leo. Majina elfu kumi na moja, yote ndani ya kompyuta moja kuukuu tuliyopewa na kanisa. Mwisho wa Oktoba ndege ya misheni italeta chombo cha kutuma barua kwa redio. Wakikuta mashine haiko tayari, chombo kinapelekwa wilaya ya Moyo. Mzee Obeti ameliwekea jambo hili roho yake yote.

Jumatano 16 Septemba

Tumegombana kutwa nzima juu ya kitu kisichoonekana kwa macho. Diski ina megabaiti mia tano na arobaini, na Étienne anataka tuigawe sehemu sehemu kabla hajatia Linux. Amechora mstari mrefu kwenye karatasi ya manila na kuubandika ukutani.

"Hapa DOS inabaki, mia moja na makumi nane. Hapa Linux. Hapa kadogo, thelathini na mbili, mashine ikichoka inapumzikia. Na hapa mwisho, majina peke yake. Mufumo ikikufa, majina haikufi."

Mzee Obeti akataka barua zipewe nafasi kubwa. Mimi nikasema barua haijawahi kumrudisha mtoto kwa mama yake, majina ndiyo yanayomrudisha. Akasema, "Poni, wewe ungezaliwa mwanaume ungekuwa wakili." Nikamwambia hata hivi nilivyo ningekuwa, ni ada tu ilikosekana. Mwishowe wamekubali: majina, mia moja na nane.

Étienne alituonya. "Tupange muzuri sasa. Kisu ikishapita, kurudi nyuma iko shida."

Jumamosi 19 Septemba

Mvua. Dengu zimeungua. Sina la kuandika.

Jumatatu 28 Septemba

Nimefunga mlango kwanza ndipo naandika.

Walikuja wanaume wawili wenye nguo za kiraia, viatu vya askari. Hawakusema wametumwa na nani. Walimuuliza Mzee Obeti kama tuna orodha ya jamaa za wanajeshi wa zamani, wale wa serikali iliyoanguka sabini na tisa. Mzee akawajibu kwa upole kwamba orodha yetu ni moja tu, nakala inakwenda Kampala kila mwezi, wakaulize huko. Wakanywa chai yetu, wakaondoka. Muda wote nilikuwa nimeinamia faili tupu, najifanya nasoma.

Maana orodha ipo. Naiandika hapa kwa mara ya kwanza.

Miaka minne iliyopita kule Koboko wanawake walianza kunijia mmoja mmoja, wake na mama za wanajeshi. Walijua watu wao walikufia wapi na nani aliwafukia, lakini hawakutaka majina hayo yaingie katika orodha inayokwenda Kampala. Mwaka wa themanini tuliona orodha zinavyofanya kazi: mtu anasimama barabarani na karatasi, anasoma, na aliyesomwa harudi. Nikawaapia kwamba mtu wa tatu hatajua. Niliandika kila jina kwenye karatasi, nikalitia kwenye kompyuta, nikaichoma karatasi mbele yao. Ndivyo mama yangu alivyotufundisha: andika, shika, choma.

Faili hilo nililitia alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, ili lionekane kama kipande cha DOS yenyewe. Lina majina mia nne na kumi na mawili. Sina nakala. Jina la kwanza ni la baba yangu, na lake ndilo pekee ambalo mahali pa kaburi ni patupu.

Ijumaa 9 Oktoba

Mama Santina amekuja kutoka Koboko juu ya lori la mihogo, amelowa chapachapa. Huja kila mwezi. Hajui kusoma, lakini lazima aone jina la mwanawe Kenyi bado lipo. Huketi, hufungua kanga yake kichwani, na kusema neno moja: "Soma."

Tatizo ni Étienne. Tangu aje, jenereta ikiwashwa saa nane hadi saa kumi na moja inapozimwa, yeye yuko mbele ya kioo kile. Leo alitoka kwenda kujisaidia. Nikaketi, nikakodolea macho skrini isiyo na kitu, nikamsomea kutoka kichwani: "Kenyi, mwana wa Santina. Koplo. Alama, kovu juu ya jicho la kulia. Mahali, ng'ambo ya mto, penye mawe matatu."

"Iko?"

"Iko, mama."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nimejisikia mwongo, na sikuwa nimesema uongo.

Jumatatu 12 Oktoba

Yarabi. Leo Étienne ameanza kusogeza. Kisu chake, yaani programu ya kugawa, kinakata diski kwa nyuma, kwa hiyo kwanza kila kitu lazima kisukumwe mbele, nyuma pawe patupu. Mashine ilisaga saa nzima. Vijiraba kwenye skrini vikawa vinakwenda mbele kimoja kimoja. Kikabaki kimoja, mbali kabisa, peke yake.

"Iko kitu kimoja hapa," akasema. "Haipendi kutoka."

Akarudia tena. Hakikutoka. Akaeleza kwamba programu ya kusogeza huwa haigusi vipande vya mfumo vilivyofichwa. Kumbe alama zangu mbili, nilizojivunia werevu wake, ndizo zimekiweka pale katikati ya njia.

"Labda takataka ya zamani," nikasema.

"Labda," akasema, akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Jumatano 14 Oktoba

Nimejaribu. Étienne aliitwa na Mzee, nikachomeka disketi. Disketi zetu zote ziko kabatini kwa Mzee, hii niliificha tangu mwaka jana kwenye sanduku la nguo. Mashine ikakwaruza na kusema haiwezi kuisoma. Nikaitoa, nikauvuta ule mlango wake wa bati: kuvu, jeupe, limeenea. Mvua hii itaozesha hata mawazo. Kabla sijafikiri jingine, hatua zake zikasikika mlangoni.

Alhamisi 15 Oktoba

Hakutoka hata dakika moja. Huyu mtu haendi haja?

Ijumaa 16 Oktoba

Hakutoka.

Jumanne 20 Oktoba

Mzee Obeti aliuliza kwa nini kazi imesimama. Étienne akamwonyesha kile kiraba kwenye karatasi ya ukutani. Kimekaa katikati ya sehemu ya majina. Mzee akasema kitolewe.

"Jumatatu nitatoa," Étienne akajibu. "Naiangalia kwanza siku hizi, maana DOS inakatala kuamuka kama umetoa kitu yake ya kweli."

Ningesema palepale. Lakini nimeapa, na wa kunifungua kiapo ni wale niliowaapia. Majina ni yao. Nimeomba ruhusa ya siku mbili, kesho naenda Koboko.

Koboko, Alhamisi 22 Oktoba

Nimefika jana jioni baada ya lori kukwama mara nne. Leo asubuhi wamekutana kwa Mama Santina wanawake watano, wale walioniletea wengine. Nimewaeleza yote, mpaka kuvu la disketi.

Mama Santina akasema, "Poni, karatasi ulichoma?"

"Nilichoma, mama. Mlikuwepo."

"Ingine?"

"Hakuna ingine."

"Basi wewe ulichimba shimo, ukaweka watoto yetu ndani, ukafunika, na hukuambia mutu hata moja mahali." Hakupaza sauti. "Watu waliuza mtoto yangu walifanya vilevile."

Nimelia kama mtoto. Hakuna aliyenibembeleza, na sikustahili. Baadaye mkubwa wao kwa umri akasema niende nimwambie huyo Mkongo na mkuu wangu, wote wawili, lakini majina yasipotee. Mama Santina akaongeza kwamba hatakuja tena kuniambia nisome. "Naogopa jibu," alisema.

Saa nane nikaenda kwenye redio ya parokia kuwaarifu Arua kwamba narudi kesho. Nikaambiwa: ndege ya misheni imebadilisha siku. Chombo kinafika Jumamosi. Étienne atatoa kile kitu na kukata diski kesho Ijumaa, saa nane.

"Mwambie asubiri nifike!" nikamwambia mpiga redio.

Sauti ya Mzee Obeti ikaja ndani ya mikwaruzo: kwa nini asubiri?

Na hapo ningesema nini? Hewani kila mtu anasikia, kuanzia hapa mpaka kwa wale wenye viatu vya askari. Nikasema, "Tafadhali, Mzee." Akajibu kwamba tafadhali si sababu. Mvua ikamaliza mazungumzo. Hakuna gari linaloondoka tena leo, barabara imejaa maji.

Arua, Ijumaa 23 Oktoba

Naandika vidole vikiwa vimevimba, lakini nitaandika yote.

Tuliondoka Koboko alfajiri kwa lori la tumbaku. Saa sita lilizama kwenye tope kabla ya Manibe, na dereva akavuta kiti nyuma akalala. Nilivua viatu nikatembea. Mvua ilinipiga, nikaanguka mara mbili, nikawa nazungumza peke yangu kama kichaa: asianze, asianze, asianze. Mwanamke mmoja shambani aliniita nijikinge, sikumjibu hata salamu, Mungu anisamehe.

Nilipoingia ua wa ofisi ilikuwa saa tisa na nusu. Jenereta kimya. Nilishukuru, nikadhani haijawashwa. Ndani Étienne ameketi mbele ya skrini nyeusi, mikono kwenye magoti.

"Umetoa?"

"Nimetoa, yaya. Nilifuta. Nikawa naenda kusogeza vingine, petroli ikaisha. Muzee ameenda kutafuta." Akasimama. "Juu ya nini uko hivi? Kaa chini!"

Nikakaa palepale sakafuni, na tope langu lote.

Nikamwambia. Nilianza na baba nikamaliza na kuvu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na alipofungua mdomo nilidhani atanifokea, na alikuwa na haki.

"Mwezi na nusu tunakaa meza moja," akasema. "Nilikuuliza: iko nini humu, nipange? Ukasema takataka."

"Ndiyo."

"Batu mia ine, yaya. Takataka?"

Akaenda dirishani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mudogo yangu Nestor walimuua Bunia tarehe tano ya mwezi wa nane. Mimi pia sijaandika jina yake fasi yoyote. Hata Sidonie nilimukataza." Akajipangusa uso. "Sikia. Kitu unafuta kwa DOS haiondoki mara moja. Inabaki palepale, mashine inasahau tu mahali, mupaka kitu ingine ije kukaa juu yake. Kama ningesogeza, ingekuwa imekwisha. Sikusogeza."

Tukasikia gari la Mzee Obeti. Akaingia na jerikeni, akanikuta sakafuni. Nikamweleza na yeye. Akauliza tu, "Wale wawili walipokuja, ulikuwa nayo hapo mezani?"

"Nilikuwa nayo, Mzee."

"Na mimi nikawaambia orodha ni moja tu." Akatikisa kichwa, akaenda kutia petroli kwa mkono wake.

Jenereta ikakohoa, ikashika. Étienne hakuiacha mashine iamke yenyewe, isije ikaandika kitu. Aliiamsha kwa disketi yake, na kila kitufe alikibonyeza kwa kidole kimoja. Akaita amri ya kurudisha kilichofutwa. Skrini ikaonyesha mstari mmoja. Jina la faili lilikuwa limepoteza herufi yake ya kwanza, mahali pake pana alama ya kuuliza. Chini yake: hali nzuri.

"Inaomba herufi," akasema. "Unaweza kuweka yoyote, mashine haijali."

"Weka W," nikasema. "Ni Wani. Ni jina la baba yangu."

Akaibonyeza. Taa nyekundu ikawaka, ikazima. Tukahesabu: mia nne na kumi na mawili.

Mzee Obeti akafungua kabati, akatoa disketi mpya mbili, akaziweka mezani mbele yangu. Nilizichukua bila hata kusema asante.

Jumamosi 24 Oktoba

Étienne amesogeza, amekata, diski imekatika pale alipochora. Chombo kimefika. Mzee anakipapasa kama ndama.

Jumatatu 26 Oktoba

Linux imeingia. Majina ya siri yamehamia sehemu ya mwisho, nyuma ya mlango wenye funguo tatu: wangu, wa Étienne, wa Mzee. Étienne akataka tuyahakiki, mimi nisome kwenye skrini, yeye afuatilie nakala ya disketi kwenye mashine aliyoazima. Mzee Obeti akaketi na chai yake. Alisema kama ametajwa kuwa mlinzi, basi angalau ajue analinda nini.

Nilianza na la pili. La kwanza niliacha, sikutaka kulisoma mbele za watu. Tukafika kwa akina Wani. Kwetu mvulana wa tatu karibu kila nyumba anaitwa Wani, ndiyo maana kila mmoja nimempa alama ya mwili. Mzee akaanza utani: "Huyu Wani wa ngapi sasa? Nyinyi Wakakwa mna upungufu wa majina."

"Wa tisa," Étienne akasema. "Na moja ulimuruka, yaya. Ule wa juu kabisa."

Basi nikamsoma. "Wani. Sajini wa ghala, kambi ya Arua. Alama, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto havipo. Mahali hapajulikani."

Kikombe cha Mzee Obeti kiligonga meza.

"Rudia mkono."

Nikarudia.

"Themanini," akasema. "Mwezi wa kumi, mvua kama hii. Nilikuwa katekista kwetu Logiri. Tulimkuta nyuma ya kanisa, ana risasi ya tumbo, alikuwa anatafuta mpaka. Aliishi siku mbili. Aliomba maji ya kutawadha, mimi nikammwagia. Mkono wa vidole vitatu, Poni, nilimwagia mimi." Akakisogeza kikombe. "Alisema anaitwa Wani. Nilimuuliza akifa tumlaze vipi, maana mimi sijui mambo yenu. Akanionyesha upande kwa mkono uleule. Nikamlaza hivyo. Kila Krismasi nikienda nyumbani napalilia."

"Miaka minne, Mzee," nikasema. "Miaka minne tumekaa ofisi moja."

"Baada ya watu kurudi nilikwenda Koboko kuuliza. Nikaambiwa, mzee, usitaje askari hapa, utaua watu. Nikafunga mdomo. Na Wani ni wengi." Akalia, mtu mzima, bila kujificha. "Ungeniuliza. Ningekuuliza."

Étienne akasimama, akazima mashine vizuri, akatoka nje akatuachia chumba.

Jumamosi 31 Oktoba

Logiri. Mvua imetupa siku moja ya jua. Mama Santina amekuja nami, bila kuitwa. Ni kilima kidogo cha udongo chenye mawe pembeni, kimepaliliwa. Nilisimama, nikapima kwa jua: kibla, sawasawa kabisa. Nimesoma Fatiha. Mzee Obeti alivua kofia akasimama nyuma yangu. Nimemwambia asante mara nyingi mpaka akaniambia inatosha.

Jumatatu 2 Novemba

Mama Santina amepita ofisini kabla ya kupanda lori. Akaketi, akafungua kanga. Nilingoja aseme neno lake. Badala yake akanyoosha mkono: "Nipe ile ingine."

Nikampa disketi ya pili, ndani ya mfuko wa nailoni. Ataiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya jiko ambako pako pakavu. Hajui kusoma, na Koboko nzima sijui kama kuna mashine ya kuisoma, lakini aliifunga kwenye pindo la kanga na kulikaza fundo kwa meno.

Jioni kabla ya jenereta kuzimwa Étienne aliniuliza kama nataka faili lirudishiwe alama ya kufichwa. Nikasema mlango wenye kufuli unatosha. Akaniomba basi nimpishe kiti kidogo, akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, mstari wa mia nne na kumi na tatu: Nestor, Bunia.

Kisha nikaketi mimi, nikapanda mpaka mstari wa kwanza, penye nafasi tupu, nikaandika:

Mahali: Logiri, nyuma ya kanisa, uso kuelekea kibla. Aliyemzika: Obeti.